Four Corners ipo katika kaunti gani, na je, lile jiwe la mpaka lipo mahali pake?

Baba wa Wawili (Phoenix):

Ndugu zangu, naomba msaada wenu katika jambo ambalo lilianza kama kazi ya likizo ya mwanangu na sasa limekuwa mjadala wa kila jioni nyumbani kwetu. Kijana ametakiwa kuandika maelezo ya kaunti moja ya Marekani pamoja na alama yake mashuhuri, naye, kabla hajajua kaunti, akachagua alama: Four Corners, mahali pekee katika nchi hii ambapo majimbo manne, yaani Arizona, Utah, Colorado na New Mexico, yanagusana katika nukta moja. Nimemwahidi kwamba mwishoni mwa mwezi wa sita nitampeleka yeye na dada yake wakaione kwa macho.

Tatizo la kwanza ni jina la kaunti. Ukurasa mmoja unasema San Juan, Utah. Mwingine unasema San Juan, New Mexico. Kijana akatafuta zaidi, akakuta kuna San Juan nyingine huko Colorado, akachanganyikiwa kabisa, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Tatizo la pili limeletwa na mfanyakazi mwenzangu, ambaye anashikilia kwamba jiwe lenyewe limewekwa kimakosa, kilometa 4 kutoka mahali halisi, na kwamba watu wanaosafiri kwenda kupiga picha pale wanapiga picha jangwani tu. Kama ni kweli, sioni sababu ya kuendesha gari saa sita kwenda na saa sita kurudi. Mwenye kujua naomba anieleze kwa utaratibu, kwa kuwa majibu yenu nitamsomea mtoto.

Muuguzi wa Cortez:

Ndugu Baba wa Wawili, nianze na hilo la kaunti kwa kuwa ndiko ninakoishi na kufanya kazi. Kijana wako hajakosea kuchanganyikiwa. Nukta ile imegawanywa na kaunti nne, moja katika kila jimbo: Montezuma upande wa Colorado, San Juan upande wa Utah, San Juan nyingine upande wa New Mexico, na Apache upande wa Arizona. Hizo San Juan mbili zimechukua jina la mto San Juan, ambao unatoka milima ya Colorado, unapita Farmington na Shiprock huko New Mexico, unakata kidogo pembe ya Colorado jirani kabisa na Four Corners, kisha unaingia Utah. Ile San Juan ya tatu, ya Colorado, ipo juu milimani na haigusi nukta hiyo hata kidogo, kwa hiyo mwambie aifute kwenye daftari. Tena, ili asije akalala vizuri, mwambie kwamba makao makuu ya kaunti ya Apache yanaitwa St. Johns, ambayo ni San Juan ileile kwa Kiingereza.

Kama anaruhusiwa kuchagua moja kati ya nne, mimi ningemshauri Montezuma, na siyo kwa upendeleo wa mkazi tu. San Juan ya Utah ina ukubwa wa karibu kilometa za mraba 20,500 na watu 14,518 tu kwa sensa ya 2020, hivyo unaweza kuendesha gari kwa muda mrefu bila kuona nyumba. Apache ni kubwa zaidi, na sehemu kubwa ya kaskazini yake ni ardhi ya Taifa la Navajo, yaani la Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku, likiwa na makao yake makuu Window Rock. Montezuma ni ndogo kwa vipimo vya huku, karibu kilometa za mraba 5,280, ingawa hizo ni takriban mara mbili ya Unguja na Pemba zikiunganishwa. Kwa sensa ya 2020 wakazi wake hawakufika 26,000, na mji wa Cortez, ambao ndio makao makuu, ulikuwa na watu wasiozidi 9,000. Ukisimama barabarani karibu na hospitali, upande wa kusini magharibi unauona mlima ambao Waute, nao wenyeji wa asili wa huku, wanauona kama mtu aliyelala chali, kichwa, mikono iliyokunjwa kifuani, magoti na vidole vya miguu vyote vikionekana. Unaitwa Ute Aliyelala, na chini yake ndipo ilipo Towaoc, makao makuu ya Waute wa Ute Mountain. Wagonjwa wangu wazee wa kutoka huko hunionyesha vidole vya miguu vya mlima huo kupitia dirishani, na kila mmoja hunionyesha jiwe tofauti.

Kaunti yenyewe ilianzishwa mwaka 1889 kwa kumegwa kutoka kaunti ya La Plata, na jina lake limetokana na kosa ambalo kijana wako atalifurahia. Walowezi walipoyakuta magofu ya mawe yaliyojaa katika bonde hili, walidhani kwamba yamejengwa na Waazteki wa Mexico, hivyo wakaipa kaunti jina la mfalme Montezuma, na mji wake wakauita Cortez, jina la Mhispania aliyemwangusha mfalme huyohuyo. Waazteki hawakuwahi kujenga hapa. Waliojenga ni mababu wa Wapueblo wa leo, ambao wazao wao wapo New Mexico na Arizona, nao hawapendi kusikia ikisemwa kwamba watu wa magofu haya walipotea.

Hapo ndipo tunafika Mesa Verde, na kwa maoni yangu kaunti hii ingekuwa na alama mashuhuri hata kama majimbo yasingekutana popote. Ni hifadhi ya taifa tangu 1906, na imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1978. Humo kuna nyumba zipatazo 600 zilizojengwa ndani ya mapango ya magenge. Kubwa kuliko zote, inayoitwa Cliff Palace, ina vyumba karibu 150 na vyumba vya ibada vya mviringo 23 vilivyochimbwa chini, na watu walikaa humo hadi mwishoni mwa karne ya 13, wakati ukame mkali na matatizo mengine vilipowafanya wahamie kusini. Mara ya kwanza nilipoingia, kiongozi wetu alituonyesha alama ya vidole vya mjenzi kwenye udongo uliokandikwa kati ya mawe, wazi kabisa, kama vile fundi ameondoka kwenda kunywa maji. Nilikulia katika nyumba ya udongo na najua alama hiyo inavyobaki. Tiketi za kushuka mle ndani hukatwa mapema, kwa hiyo usifike tu ukatarajia kupokelewa.

Kuhusu chakula na kazi, maelezo mafupi yatatosha: kilimo cha majani ya mifugo na maharagwe, ufugaji wa ng'ombe, utalii, na maji ya mto Dolores yanayokusanywa katika bwawa la McPhee lililojengwa miaka ya 1980, ambayo bila hayo bonde lote hili lingekuwa vumbi. Maharagwe ya huku yenye madoa mekundu na meupe huuzwa kwa jina la Anasazi, nami nayapika kwa nazi, na wageni wangu wote wameomba mbegu.

Mpima Ardhi Mstaafu (Dodoma):

Dada Muuguzi amemaliza habari ya kaunti. Mimi nimepima viwanja na mipaka kwa zaidi ya miaka 30, na ningependa kulishughulikia hilo la kilometa 4, kwa kuwa ni uzushi ambao una chembe ya ukweli ndani yake, na uzushi wa namna hiyo ndio mgumu kuuondoa.

Tuanze na swali ambalo watu hawaulizi: kwa nini majimbo manne yakutane katika nukta moja? Huwa haitokei kwa bahati. Mwaka 1861 Bunge la Marekani lilipounda eneo la Colorado, lilisema mpaka wake wa kusini ufuate nyuzi 37 kaskazini, na wa magharibi ufuate longitudo ya nyuzi 32 magharibi ya Washington. Utah na New Mexico zilikuwa zimeshaundwa tangu 1850. Kisha mwaka 1863, Bunge lilipoigawa New Mexico ili kupata Arizona, halikuandika namba nyingine ya longitudo. Liliandika kwamba mstari uanzie kwenye pembe ya kusini magharibi ya Colorado na kushuka kusini moja kwa moja. Mtaalamu wa mipaka akisoma maneno hayo anatabasamu, kwa maana ile pembe ya nne imefungwa kwa kamba kwenye pembe ya kwanza: popote pembe ya Colorado itakapowekwa, Arizona nayo itaanzia hapohapo, iwe kwa usahihi au kwa makosa.

Linganisha na Kazungula kwetu Afrika, kwenye mto Zambezi, ambapo ramani nyingi za shule zinaonyesha Zambia, Zimbabwe, Botswana na Namibia zikikutana katika nukta moja. Hazikutani. Kuna nukta mbili za nchi tatu tatu, na katikati yake kipande kifupi cha mpaka wa Zambia na Botswana cha takriban mita 150, ambamo daraja lililofunguliwa mwaka 2021 limepitishwa kwa kupindishwa ili lisikanyage Zimbabwe.

Sasa turudi kwenye jiwe. Nani aliliweka? Mwaka 1868 mpimaji Ehud Darling alipima mpaka wa kusini wa Colorado kwa darubini, saa na mnyororo wa kupimia, akitembea magharibi katika nchi isiyo na barabara. Mwaka 1875 Chandler Robbins, aliyetumwa kupima mpaka wa Arizona na New Mexico, akaiweka alama ya pembe juu ya mstari wa Darling. Miaka mitatu baadaye Rollin Reeves akaanzia hapo kupima mpaka wa Colorado na Utah kwenda kaskazini, na mwaka 1901 Howard Carpenter akapima ule wa Utah na Arizona. Hao wawili wa mwisho walilikuta jiwe, wakalikubali, wakaendelea nalo. Jiwe la awali lilikutwa limevunjika mwaka 1899 likabadilishwa, na mwaka 1931 ikawekwa sahani ya shaba kwenye zege. Jukwaa linaloonekana leo ni la baadaye sana.

Hizo kilometa 4 zilizuka mwaka 2009, magazeti yalipoandika kwamba jiwe lipo maili 2.5 kutoka mahali pake. Walioandika walichukua nyuzi 109 magharibi kamili kwa kuhesabu kutoka Greenwich, wakapima kwenye ramani, wakapata tofauti kubwa. Lakini sheria ya 1861 haikutaja Greenwich. Ilihesabu kutoka Washington, na nyuzi 32 kutoka Washington huangukia karibu nyuzi 109 na dakika 3 kutoka Greenwich. Tofauti hiyo ya dakika ndiyo iliyozaa karibu kilometa zote zile nne. Idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia vipimo vya ardhi ililazimika kutoa ufafanuzi mwaka huohuo: ukipima kwa vifaa vya leo, jiwe lipo karibu futi 1,800 upande wa mashariki wa mahali palipokusudiwa, yaani kama mita 550. Hiyo ndiyo chembe ya ukweli niliyoitaja. Kwa mtu aliyeitafuta longitudo kwa kutazama nyota jangwani, hizo mita 550 ni kazi ya kuvuliwa kofia.

Hata hivyo, hizo mita 550 nazo hazimhamishi mtu yeyote. Mstari ukishapimwa, ukawekewa mawe, na pande zote zikaukubali na kuishi nao, jiwe ndilo mpaka, na namba iliyoandikwa kwenye sheria inabaki kuwa nia ya aliyeandika. Colorado na New Mexico walipogombana kuhusu mstari wa Darling, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1925 kwamba mstari huo ubaki, ingawa upimaji wa baadaye ulikuwa umeonyesha kasoro zake. Sisi wa Tanzania tunalijua jambo hili kwa vitendo. Mpaka wetu na Uganda magharibi ya Ziwa Victoria ulikusudiwa kufuata nyuzi 1 kusini, lakini mkulima wa Missenyi hatazami nyuzi, anatazama nguzo. Nimewahi kuitwa kusuluhisha ugomvi wa viwanja ambamo bwana mmoja aliyetoka kununua simu yenye ramani alitaka jirani yake abomoe uzio. Nikamwambia aizime simu, tukafukua jiwe.

Haamini Haraka:

Mzee wangu, shikamoo. Nimekusoma kwa makini, lakini naona unakwepa. Ikiwa sheria ilisema nyuzi 32 kutoka Washington, na jiwe halipo hapo, basi jiwe limekosewa. Mahakama inaweza kusema watu waishi na kosa, lakini haiwezi kuligeuza kosa kuwa usahihi.

Mpima Ardhi Mstaafu (Dodoma):

Marahaba, mwanangu. Wewe unauliza kama mpimaji alilenga shabaha, nami najibu kama shabaha ipo wapi. Kwa vipimo, wapimaji wa zamani walikosea kwa mita 550, na sijalificha hilo. Kwa mpaka, hakuna mpaka mwingine uliopo mahali pengine ambao jiwe hili limeukosa. Ukienda mita 550 magharibi hukuti kitu ila mchanga, nawe utakuwa umesimama Utah na Arizona tu, na anayekutoza kodi atakuambia vivyo hivyo. Kosa la kipimo lipo. Kosa la mpaka halipo.

Dereva wa Masafa:

Wakubwa wamemaliza elimu, nami niseme ya safari, kwa kuwa nimepita njia hiyo mara nyingi na mara mbili nimeingia kuiona alama yenyewe.

Kutoka Phoenix utapanda Flagstaff, kisha utashika barabara namba 160 inayopita Tuba City na Kayenta. Ukishapita kijiji cha Teec Nos Pos, kaa macho. Barabara hiyo inaikata pembe ya New Mexico kwa muda mfupi mno, pungufu ya maili moja, kabla ya kuingia Colorado, na kijia cha kwenda kwenye alama kinaanzia katika kipande hichohicho kifupi. Mara yangu ya kwanza nilikuwa napiga gumzo na abiria wangu, tukaingia New Mexico na kutoka bila kujua, tukalazimika kugeuza gari tukiwa Colorado.

Eneo hilo siyo hifadhi ya serikali kuu. Pembe tatu ni ardhi ya Wanavajo na pembe ya Colorado ni ya Waute, na Taifa la Navajo ndilo linalolisimamia na kutoza kiingilio. Ile kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa haitumiki pale. Nilipopita mimi nililipa dola 8 kwa kila kichwa. Pombe ni marufuku katika ardhi ya Wanavajo, na ukitaka kumpiga mtu picha, muombe kwanza.

Msitarajie jengo kubwa. Ni jukwaa la graniti lililo wazi juani, lenye bendera pembeni, na katikati sahani ya shaba isiyozidi upana wa kisahani cha chai. Kila jimbo limeandikiwa maneno mawili, na ukizunguka unasoma sentensi moja: majimbo manne yanakutana hapa katika uhuru chini ya Mungu. Foleni hupangwa, na kila familia hupata zamu ya kupiga picha. Watoto wote hufanya jambo moja: huinama wakaweka mkono mmoja Utah, mwingine Colorado, mguu Arizona na mguu New Mexico, kama mtoto anayetambaa. Mwezi wa sita mchana shaba ile inaunguza. Nilimwona binti wa miaka kama saba akiweka kiganja, akakiondoa kwa kasi, kisha akavua soksi zake akazivaa mikononi na kurudi kwenye zamu yake, na foleni nzima ikampigia makofi.

Pembezoni kuna vibanda vya Wanavajo wanaouza shanga, vyungu na vito vya fedha, na wapo wanaokaanga mkate wao mbele yako. Unga unavutwa kwa mikono hadi unakuwa duara jembamba, unatoboka kidogo katikati, unatupwa kwenye mafuta na kufura kama andazi kubwa, nao unaliwa kwa asali au kwa maharagwe. Ukikulia Pwani, pua itakupeleka yenyewe.

Jambo la mwisho ni saa. Arizona haisogezi saa wakati wa kiangazi, lakini Wanavajo wanasogeza. Ukitoka Phoenix saa kumi na mbili asubuhi na kuendesha saa sita, utafika saa saba mchana kwa saa ya kule na wala siyo saa sita. Kama mna tiketi za Mesa Verde za mchana huohuo, mtazikosa.

Baba wa Wawili (Phoenix):

Nashukuru sana, wote mlionijibu. Nimemsomea kijana kila kitu, naye amechagua Montezuma, kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, kaunti iliyopewa jina la mfalme na mji uliopewa jina la adui yake haiwezi kuwa na historia ya kuchosha. Habari ya jiwe ameigawa katika aya mbili, moja ya mita 550 na nyingine ya mahakama, na kule kwa mfanyakazi mwenzangu amenituma nikamuulize longitudo yake inaanzia Greenwich au Washington. Nimeuliza leo wakati wa chai. Hakunijibu, ila ameomba nimtumie picha.

Tumebadilisha mpango: usiku mmoja tutalala Cortez, Mesa Verde tutaenda asubuhi yake, na Four Corners tutapita siku ya kwanza kabla jua halijawa kali, jambo ambalo maana yake ni kutoka nyumbani usiku wa manane. Binti ameshatenga soksi zake. Mama yao yeye amesoma maelezo yote haya hadi mwisho na swali lake limekuwa moja tu kwa Dada Muuguzi: hayo maharagwe yenye madoa yanauzwa kwa kilo au kwa gunia?

Muuguzi wa Cortez:

Yanauzwa kwa mfuko, wifi yangu, mkubwa na mdogo. Chukueni mkubwa, na nazi mje nayo, kwa sababu huku siyo kila wakati inapatikana.